Maana ya Maneno Yaliyoandikwa Juu ya Pakiti ya Mbegu

Mara nyingi husikika watu wakisema kwamba mbegu za dukani ni za udanganyifu. Mtu amenunua pakiti, amepanda, ametia maji, na mwisho amepata mimea dhaifu, au mavuno yaliyokuja wakati yasipohitajiwa. Ni kweli kwamba ziko mbegu mbaya sokoni, na mwenye kuziuza astahili kushitakiwa. Lakini mara nyingine mbegu haina kosa lo lote. Pakiti ilisema jambo moja, na mwenye bustani akafahamu jingine.

Na uchukuliwe mfano wa mama mmoja wa vilima vya Machakos, mwenye kipande kidogo cha ardhi nyuma ya nyumba. Shabaha yake ni nyanya za kuuza mwezi wa Januari, wakati shule zinapofunguliwa na kila mzazi anapotafuta fedha. Pakiti yake imeandikwa kwamba nyanya hizo hukomaa kwa siku 75. Mama angoja mvua za vuli, na tarehe 25 Oktoba, mvua zinapoanza, aotesha mbegu zake. Ahesabu siku 75 kwenye kalenda, apata tarehe 8 Januari, na moyo wake watulia. Tarehe 8 Januari yafika, na mashina yake yana maua, pamoja na matunda machache ya kijani yasiyozidi ukubwa wa gololi. Watoto warudishwa nyumbani kutafuta karo.

Pakiti haikumdanganya. Siku za kukomaa huhesabiwa kwa njia mbili, na hapo ndipo wengi hupotea. Kwa mimea inayopandwa moja kwa moja mahali pake, kama maharagwe na karoti, hesabu huanza siku ya kutia mbegu udongoni. Kwa mimea inayooteshwa kwanza na kuhamishwa baadaye, kama nyanya, kabichi na pilipili hoho, kwa kawaida hesabu huanza siku ya kuihamisha. Miche ya nyanya hukaa karibu wiki 5 kabla ya kuhamishwa. Kwa hiyo siku zake hasa zilikuwa 35 na 75, yaani 110, na nyanya za kwanza zingeiva tarehe 12 Februari. Hata hizo siku 75 ni makadirio tu. Mahali penye baridi, kama Limuru, mmea uleule huchelewa kuliko mahali penye joto.

Hasara yake si ya tarehe peke yake. Huko Ukambani mvua za vuli huisha mwezi wa Desemba. Basi nyanya zilizochelewa hulazimika kujaza matunda yao kwenye jua kali, kisima kimepungua, na maji hutiwa siku moja na kukosekana siku tatu. Nyanya inayonyweshwa hivyo mara nyingi hupata doa jeusi lililobonyea upande wa chini wa tunda. Watu wengi hudhani ni ugonjwa na kukimbilia dawa, kumbe ni upungufu wa kalisi ndani ya tunda. Madini hayo husafirishwa na maji, na maji yakikatika-katika hayafiki.

Dawa ya jambo hili ni neno lililoandikwa juu ya pakiti ileile, nalo ni KITALU. Kitalu ni tuta dogo lenye udongo laini uliochambuliwa mawe na mizizi, ambamo mbegu huoteshwa mahali padogo kabla ya miche kupelekwa bustanini. Wengi hufikiri kwamba kitalu ni kwa ajili ya kuokoa mbegu. Huokoa mbegu, lakini zaidi huokoa wakati, kwa kuwa chahitaji maji machache, nacho chaweza kuanzishwa wakati wa kiangazi kwa ndoo moja asubuhi na nyingine jioni. Mama yule angeotesha mbegu zake tarehe 20 Septemba, miche yake ingekuwa tayari kuhamishwa mvua zilipoanza, na tarehe 8 Januari angekuwa sokoni.

Kina cha kupandia mbegu hutegemea ukubwa wa mbegu yenyewe. Kanuni ya zamani, ambayo bado haijakosolewa, ni kuifunika mbegu kwa udongo wenye kina cha mara mbili au tatu ya unene wake. Haragwe hushuka sana. Mbegu ya sukuma wiki au ya nyanya hufunikwa kidogo tu. Mbegu ndogo ina chakula kidogo ndani yake, na ikizikwa mbali na jua humaliza chakula hicho kabla ya kuchungulia nje. Yafaa pia mbegu zitiwe katika vifuo vilivyonyooka, wala zisimwagwe kama nafaka ya kuku, maana miche iliyosongamana mahali penye unyevu hupatwa na ugonjwa uitwao KINYAUSI. Shina huwa jembamba na kuoza pale linapogusana na udongo, na asubuhi miche huonekana imelala kana kwamba imekatwa. Kuimwagia maji zaidi, kama wengi wafanyavyo kwa huruma, ni kuimaliza. Inayofaa ni nafasi, hewa, na maji ya kiasi.

Huruma hiyohiyo huharibu kazi iitwayo KUPUNGUZA. Maana yake ni kung'oa miche iliyo hai ili iliyobaki ipate nafasi, na watu wengi mkono huwa mzito. Karoti zisizopunguzwa zikabakiwa na sentimita 5 au zaidi kati ya moja na nyingine huwa nyembamba kama vidole vya mtoto, tena nyingine zimesokotana.

Kisha lipo neno KUZOESHA. Mche uliolelewa chini ya kivuli cha majani ya migomba, ukinyweshwa mara mbili kwa siku, una majani laini mno. Ukitolewa siku moja na kusimamishwa kwenye jua la saa sita, hunyauka, na ukipona huwa umepoteza wiki nzima. Basi siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, kivuli hupunguzwa kidogo kidogo mpaka kiondolewe kabisa, na maji hupunguzwa vilevile bila kuiacha miche inyauke. Majani hukakamaa na shina hupata nguvu. Siku ya kuhamisha, kitalu hulowanishwa kwanza ili mizizi itoke na udongo wake, na kazi yote hufanywa jioni au siku ya mawingu. Nyanya huweza kushushwa kwa kina kuliko ilivyokuwa kitaluni, kwa sababu sehemu ya shina inayofunikwa huota mizizi mipya.

Kuhusu NAFASI, pakiti ya sukuma wiki ikisema sentimita 60 kwa 45, namba ya kwanza ni upana kati ya mstari na mstari, na ya pili ni kati ya mche na mche katika mstari. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 litachukua mistari miwili, yaani miche 22 hivi. Yupo atakayeona kwamba ardhi inapotea akabana miche 50. Atavuna majani madogo, na vidukari vitahama kutoka mche hadi mche bila hata kuruka.

Wakazi wa mijini wasidhani kwamba mambo haya hayawahusu. Huko Kibera na kwingineko Nairobi watu wengi hulima sukuma wiki na mchicha ndani ya magunia. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyokomaa, na katikati huwekwa nguzo ya kokoto tangu chini hadi juu, ili maji yanayotiwa juu yafike chini badala ya kugota njiani. Miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni. Nafasi, kivuli, kuzoesha na maji ni yaleyale. Tofauti ni kwamba gunia hukauka upesi kuliko ardhi, na mwenye gunia hawezi kulisahau kwa siku tatu.

Ardhi yenyewe ikiwa na mteremko, kazi ya kwanza ni kuzuia maji yasiichukue. Hapa yafaa kukumbusha maneno mawili ya Kiswahili ambayo yamesafiri mbali: FANYA JUU na FANYA CHINI. Fanya juu ni kuchimba mtaro kufuata usawa wa kilima na kuutupa udongo upande wa juu, ukawa tuta. Udongo unaoshuka kwa mvua huzuiwa na tuta hilo, na baada ya miaka mteremko huwa ngazi. Fanya chini ni kuutupa udongo upande wa chini, kazi iliyo nyepesi zaidi, lakini ngazi huchelewa kufanyika. Vitabu vya Kiingereza vya kuhifadhi ardhi huandika maneno hayo vivyo hivyo kwa Kiswahili, kwa kuwa yalienea kutokea Machakos. Ni vyema kusema pia kwamba kazi ya matuta haikupendwa ilipoamrishwa kwa nguvu na serikali ya kikoloni; mwaka 1948 wanawake wa Murang'a waliikataa hadharani. Lililochukiza lilikuwa amri. Watu walipoona kwamba tuta laleta mahindi katika shamba lao wenyewe, walichimba bila kusimamiwa.

Neno linalosumbua kuliko yote ni MBOLEA, na sababu ni kwamba neno hili moja lina vitu vitatu ndani yake. Kuna samadi, kuna mboji, na kuna mbolea ya dukani. Pakiti ikisema tu "tia mbolea", mwenye bustani hutia aliyo nayo.

SAMADI ni kinyesi cha mifugo pamoja na majani waliyolalia. Ni kitu kizuri sana kikiwa kimekaa. Samadi mbichi, hasa ya kuku, ina naitrojeni kali inayotoa amonia, ule mvuke unaochoma macho mtu afunguapo kibanda cha kuku asubuhi. Kama wachoma macho, huchoma na mizizi. Mtu akitia konzi moja katika kila shimo na kupanda siku hiyohiyo, miche hugeuka rangi ya kahawia pembeni mwa majani na kufa, naye huenda dukani kulalamika. Tena samadi mbichi yaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, na hilo ni jambo zito kwa mboga zinazoliwa bila kupikwa. Iachwe lundoni miezi kadhaa, ikiwa imefunikwa dhidi ya mvua na jua, mpaka isinuke tena na joto lake lishuke.

MBOJI ni takataka za mimea na mifugo zilizooza kwa utaratibu mpaka zikawa kama udongo mweusi. Utaratibu wenyewe uliandikwa vizuri na Sir Albert Howard, Mwingereza aliyefanya kazi huko Indore, nchini India, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1931. Ila yeye mwenyewe alijifunza mengi kwa kuwatazama wakulima wa Kihindi. Lundo hujengwa kwa tabaka: vitu vikavu kama mabua na nyasi, juu yake vitu vibichi kama majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi kidogo na udongo kidogo, na maji ya kulowanisha kila tabaka. Vitu vikavu viwe vingi kuliko vibichi. Lundo likiwa na vibichi vitupu hunuka na kuteleza. Likiwa na vikavu vitupu hukaa mwaka mzima bila kubadilika. Yafaa lifike urefu na upana wa mita 1 au zaidi, kwa maana lundo dogo halishiki joto.

Joto hilo ndilo kiini cha mboji. Lundo lililojengwa vizuri hufikia nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi ndani ya siku chache, na joto la namna hiyo huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Kipimo chake hakihitaji fedha: kijiti kirefu kilichochongwa huchomekwa mpaka katikati ya lundo na kuachwa humo. Kikichomolewa kikiwa cha moto na chenye unyevu, kazi yaendelea. Kikiwa cha baridi na kikavu, lundo lahitaji maji. Kikiwa cha baridi na kimelowa chapachapa, lahitaji kugeuzwa lipate hewa. Kwa kawaida lundo hugeuzwa baada ya wiki 3 hivi, hugeuzwa tena baadaye, na baada ya miezi 3 au 4 mboji huwa tayari. Huo ni muda mrefu kwa mtu mwenye haraka, na ndiyo sababu lundo la mvua za vuli hujengwa mwezi wa Juni, si mwezi wa Oktoba.

MBOLEA YA DUKANI ina namba tatu juu ya gunia, kama 17-17-17. Si namba za kiwanda. Ya kwanza ni sehemu ya naitrojeni katika kila mia, ya pili ni ya fosforasi, na ya tatu ni ya potasiamu, hizi mbili za mwisho zikipimwa kwa namna ya oksaidi zake. Basi gunia la kilo 50 lenye 17-17-17 lina kilo 8 na nusu za kila chakula. Mbolea ya kupandia iitwayo DAP huandikwa 18-46-0. Katika gunia la kilo 50 mna kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosforasi, wala hamna potasiamu hata kidogo. Naitrojeni hukuza majani, fosforasi husaidia mizizi michanga, na potasiamu hujenga matunda na kuusaidia mmea kuvumilia ukame na magonjwa. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani si "ipi ina nguvu?" bali "mmea wangu wataka nini sasa?" Anayetia naitrojeni nyingi kwenye nyanya atapata kichaka kizuri cha kijani, chenye maua machache.

Wala mbolea haifanyi kazi ipasavyo ikiwa udongo una ASIDI nyingi. Asidi ya udongo hupimwa kwa kipimo cha pH, kuanzia 0 hadi 14. 7 ni katikati, na chini ya hapo ni upande wa asidi. Mboga nyingi hupenda kati ya 6 na 7, ilhali chai hustawi katika udongo wa 5 hivi. Namba hizi zadanganya macho, kwa kuwa kila hatua moja ni mara 10: udongo wa 5 una asidi mara 10 kuliko udongo wa 6, na mara 100 kuliko udongo wa 7. Katika udongo wa namna hiyo fosforasi hufungwa isichukuliwe na mizizi, na mkulima hutia gunia baada ya gunia bila kuona faida. Mbolea kama DAP ikitumiwa miaka mingi huzidisha asidi hiyo. Dawa ni chokaa ya kilimo, lakini isitiwe kwa kubahatisha. Udongo upimwe kwanza, na afisa wa kilimo, ambaye watu bado wamwita Bwana Shamba, aweza kueleza jinsi ya kuuchukua na mahali pa kuupeleka.

Pakiti nyingi zina alama F1. Hiyo yamaanisha mbegu CHOTARA. Mtaalamu huchukua koo mbili za mimea ambazo kila moja imetunzwa peke yake kwa vizazi vingi, kisha huzijamiisha, na watoto wa kwanza wa ndoa hiyo huwa na nguvu na hufanana wote. Kenya yaijua habari hii vizuri: mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mahindi chotara ya H611, ambayo upande mmoja wa uzazi wake ulikuwa mahindi ya Kitale na upande wa pili ulitoka Ecuador, Amerika ya Kusini. Wakulima wadogo waliyapokea kwa upesi uliowashangaza wengi.

Lakini ndoa hiyo haidumu hadi kwa wajukuu. Mbegu zinazochukuliwa kutoka mmea wa F1 huzaa mimea isiyofanana. Mmoja warefuka, mwingine wachelewa, mwingine wazaa vidogo. Basi mwenye kununua nyanya kama Anna F1 anunue mbegu mpya kila msimu, na gharama hiyo aiweke katika hesabu yake tangu mwanzo. Nyanya za Money Maker na Cal-J si chotara. Mbegu zake zaweza kuwekwa, zikitolewa katika matunda yaliyoiva ya mashina yenye afya, zikachachushwa siku 2 hivi katika maji yake, zikaoshwa na kukaushwa kivulini. Vivyo hivyo mboga za asili kama managu, saget na kunde, ambazo akina bibi walizihifadhi juu ya moshi wa jikoni bila kuhitaji pakiti. Aliye na mbegu za zamani na hana hakika nazo ahesabu mbegu 20, azifunge katika kitambaa chenye unyevu mahali penye joto kwa wiki moja hivi, kisha ahesabu zilizoota. Zikiota 14, ni 70 kwa mia, naye atajua atie mbegu kiasi gani zaidi.

Kuhusu maji, redio husema kwamba mvua iliyonyesha ni milimita kadhaa, na wengi huliacha neno hilo lipite. Lina manufaa makubwa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Mboga nyingi huhitaji milimita 25 hivi kwa wiki. Kwa hiyo lile tuta la mita 5 za mraba lahitaji lita 125, yaani madebe 6 ya lita 20 na robo debe juu yake. Redio ikisema zimenyesha milimita 10 tu, bado zabaki milimita 15. Maji hayo yatafika mbali zaidi kama tuta lina MATANDAZO, yaani nyasi kavu zilizotandazwa juu ya udongo ili jua lisiukaushe na magugu yasiote. Nyasi hizo ziachwe mbali kidogo na shina, vidole vinne hivi, zisije zikaliozesha. Na penye mchwa wengi zitandazwe kwa uangalifu.

Neno KUBADILISHANA MIMEA lahitaji kuelezwa kwa sababu watu hubadilisha jina bila kubadilisha ukoo. Nyanya, viazi vya kizungu, biringanya, pilipili na managu ni ndugu wa ukoo mmoja, na magonjwa yao ni mamoja. Mtu akiondoa nyanya akapanda viazi, hajabadilisha kitu. Sukuma wiki na kabichi pia ni ndugu. Baada ya nyanya yafaa zije mboga za ukoo mwingine, na hasa jamii ya kunde na maharagwe, ambayo mizizi yake ina vifundo vidogo vyenye bakteria wanaoshika naitrojeni ya hewani; Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, ndio waliothibitisha jambo hilo mwaka 1886, ijapokuwa wakulima walikuwa wameona faida yake zamani za kale. Nyanya ikinyauka ghafula ingali ya kijani, shina likatwe na kipande chake kining'inizwe katika bilauri ya maji safi. Yakishuka mafuzi meupe kama maziwa, huo ni mnyauko wa bakteria, na hakuna dawa ya dukani itakayoliponya shina hilo. Ling'olewe lipelekwe mbali, wala lisitupwe katika lundo la mboji, na ukoo wote wa nyanya uondoke mahali pale kwa miaka kadhaa.

Limebaki neno moja ambalo haliko juu ya pakiti ya mbegu, bali juu ya chupa ya dawa ya wadudu, tena kwa herufi ndogo: SIKU ZA KUNGOJA. Ni siku zinazopaswa kupita tangu kunyunyiza dawa mpaka kuchuma, ili dawa iliyo juu ya mmea ipungue kiasi cha kutomdhuru mlaji. Chupa huwa na mkanda wa rangi chini ya karatasi yake. Mwekundu ni sumu kali kabisa, halafu njano, halafu buluu, halafu kijani. Kijani hakimaanishi kwamba ni maji ya kunywa. Idadi ya siku hutofautiana kwa kila dawa, na jirani hawezi kuijua kwa kukumbuka. Ni lazima isomwe, na asiyeweza kusoma aombe kusomewa na mwenye duka kabla ya kulipa.

Mama wa Machakos, nyanya zake zikiwa zimeiva hatimaye, atakutana na jambo hili siku ambayo fedha zahitajiwa kuliko siku zote. Akinyunyiza Jumatatu, na karatasi ikasema siku 7, zisichumwe kabla ya Jumatatu ifuatayo, hata kama mnunuzi amesimama uani na gari lake, na hata kama ni zile chache tu za kutia katika mchuzi wa watoto jioni ile.